Jukwaa Chini ya Mabomu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumbi za Burudani za London, 1939–1945

Kila ninapozungumzia kumbi za burudani za London wakati wa Vita Kuu ya Pili, maswali hurudi yale yale. Wengine wanataka kujua mtu aliwezaje kuvaa, kujipodoa na kupanda jukwaani kuchekesha watu huku ndege za Ujerumani zinadondosha mabomu juu ya paa. Wengine wanataka kujua kitu kimoja tu: ni kweli kulikuwa na wanawake waliosimama uchi? Nimeyakusanya yote hapa na kuyapa namba, ili jibu moja likihitaji jingine nikuelekeze badala ya kurudia. Saa zote nimeziandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

## Mambo ya msingi

1. Maonyesho mchanganyiko ndiyo nini hasa?

Ni onyesho moja lenye vipande vingi vifupi visivyohusiana. Mchekeshaji anakaa jukwaani dakika kumi, anafuata mwimbaji, kisha mazingaombwe, sarakasi, wanenguaji, na mwisho nyota ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko wote kwenye bango. Hakuna hadithi ya kufuatilia. Ukichelewa hujapotea, na kama huyu hakufurahishi, subiri kidogo anakuja mwingine. Waliowahi kwenda kwenye maonyesho ya vikundi vya Muungano au TOT pale Dar es Salaam, ambako ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu vilikuwa vya tiketi moja, hawahitaji maelezo zaidi.

Mpangilio huu ulifaa sana wakati wa vita. Tamthilia ya muda wa saa tatu ikikatizwa katikati imeharibika. Onyesho la vipande linaweza kufupishwa, kurefushwa au kupanguliwa: kama mwimbaji amekwama kituo cha treni kwa sababu reli imepigwa, mchekeshaji anaingia kabla yake na watazamaji hawajui kitu.

2. Kwa nini tunaizungumzia London, wakati miji mingi ilipigwa?

Kwa sababu London ilikuwa na kumbi nyingi zilizobanana eneo dogo, kuanzia Piccadilly, Leicester Square na Shaftesbury Avenue hadi Drury Lane, na eneo hilo lilipigwa mfululizo. Mashambulizi makubwa yalianza 7 Septemba 1940 na kuendelea hadi 11 Mei 1941. Mwanzoni jiji lilipigwa usiku 57 mfululizo. Raia wapatao 43,000 waliuawa Uingereza nzima katika miezi hiyo, karibu nusu yao wakiwa wakazi wa London. Miji mingine nimeigusa kwenye swali la 17.

3. Ni kweli serikali ilifunga kumbi zote vita vilipoanza?

Ndiyo. Jumapili, 3 Septemba 1939, saa tano na robo asubuhi, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitangaza redioni kwamba nchi iko vitani, na tangazo la kufunga kumbi za maonyesho na sinema likafuata papo hapo. Hofu ilikuwa rahisi kueleweka: wapangaji wa ulinzi waliamini mabomu yangeanza siku ile ile, na bomu moja kwenye ukumbi wenye watu elfu mbili lingekuwa janga.

Mwandishi George Bernard Shaw aliandika barua gazetini akilaani uamuzi huo kwa maneno makali. Hoja yake ilikuwa kwamba askari waliopewa likizo na raia wenye hofu ndio wanaohitaji burudani kuliko wakati mwingine wowote. Mabomu hayakuja mwezi ule, wala mwezi uliofuata. Kufikia katikati ya Septemba amri ilianza kulegezwa, kwanza nje ya katikati ya jiji, kisha katikati penyewe. Mwezi Oktoba wachekeshaji Bud Flanagan na Chesney Allen walikuwa tayari wanajaza ukumbi wa Palladium.

4. Windmill ulikuwa ukumbi gani, na kwa nini unatajwa kila mara?

Ulikuwa ukumbi mdogo wa viti 320 hivi, kwenye barabara ya Great Windmill Street, hatua chache kutoka Piccadilly Circus. Jina lilitokana na kinu cha upepo kilichowahi kusimama eneo hilo zamani. Mwaka 1930 jengo, ambalo lilikuwa sinema, lilinunuliwa na Laura Henderson, mjane tajiri aliyekaribia miaka 70. Akamwajiri meneja aitwaye Vivian Van Damm, na Februari 1932 wakaanza mtindo wao: maonyesho mchanganyiko yasiyokatika, kuanzia mchana hadi usiku. Unaingia saa yoyote, unatoka ukitosheka. Vikundi viwili vya wasanii vilipokezana kazi, na kila baada ya wiki kadhaa programu yote ilibadilishwa.

Mtindo huo haukutosha kuleta faida. Kilichookoa ukumbi ni wanawake waliosimama uchi kama sanamu (swali la 10), na kilichoupa heshima ya kudumu ni kuendelea kufanya kazi wakati wengine wamefunga.

5. "Hatukufunga kamwe": ni kweli?

Karibu kabisa. Hiyo ndiyo kauli mbiu ya Windmill. Ukumbi ulifungwa kwa amri ya serikali, kama wengine wote, kuanzia 4 hadi 16 Septemba 1939. Baada ya hapo haukufunga tena kwa sababu ya vita hadi mwisho. Septemba 1940, mabomu yalipoanza kwa nguvu na kumbi za katikati ya jiji zikafunga moja baada ya nyingine, Windmill ulibaki karibu peke yake.

Watu huichukua kauli hii kama habari ya ujasiri tu. Ujasiri ulikuwepo, siupunguzi hata kidogo. Lakini ukumbi ulikuwa mdogo, ulikuwa na vyumba chini ya ardhi, na tangu awali ulifanya kazi mchana. Wenzao wenye viti elfu mbili na onyesho moja la saa mbili usiku hawakuwa na bahati hiyo. Jasiri naye anahitaji jengo linalomsaidia.

## Usiku wa mabomu

6. King'ora kikilia katikati ya onyesho, ilikuwaje?

Onyesho lilisimama kidogo. Meneja, au msanii aliyekuwa jukwaani, alisogea mbele akatangaza kwamba king'ora kimelia, kwamba anayetaka kwenda kwenye handaki aondoke taratibu, na kwamba wao wanaendelea. Wachache walinyanyuka, na wengi walibaki. Kisha bendi ikaanza tena pale ilipoishia.

Tatizo kubwa lilikuja onyesho lilipokwisha kabla ya king'ora cha usalama. Nje mabomu yanaanguka, mabasi yamesimama, na watu hawana pa kwenda. Basi walibaki vitini. Wasanii waliomaliza zamu walirudi jukwaani wakaanza upya na chochote walichokijua, na kikiisha, watazamaji wenyewe walipanda kuimba. Mwimbaji Mmarekani Mweusi Adelaide Hall alikuwa kwenye ukumbi wa Lewisham Hippodrome usiku mmoja wa Agosti 1940, shambulio likawafungia ndani. Inasimuliwa kwamba aliimba nyimbo 54 hadi alfajiri ilipokaribia, ukumbi mzima ukimwitikia. Anayeijua kazi ya kuimba ajaribu kuhesabu sauti inachoka wimbo wa ngapi.

7. Watu walifikaje ukumbini gizani?

Amri ya kuzima taa zote za nje ilianza 1 Septemba 1939, kabla hata ya vita kutangazwa. Hakuna taa za barabarani, hakuna mabango yenye taa, na kila dirisha lina pazia zito jeusi. Ajali za barabarani ziliongezeka vibaya mwezi ule wa kwanza, hata kingo za barabara zikapakwa rangi nyeupe ili watu wazione. Ulitembea na tochi ndogo iliyofunikwa karatasi nyembamba, ukiielekeza chini miguuni, na begani umening'iniza kisanduku chenye barakoa ya gesi ya sumu.

Mlangoni kwa ukumbi kulikuwa na mapazia mawili. Unapenya la kwanza, linafunga nyuma yako, unasimama kwenye giza totoro sekunde moja, kisha unafungua la pili na mwanga wote wa ukumbi unakupiga usoni. Napenda kuwaza pale katikati ya mapazia mawili. Nadhani tiketi ilinunua hicho kwanza, kabla ya kichekesho chochote.

8. Kwa nini maonyesho yalihamia mchana?

Kwa sababu ndege zilikuja usiku. Katika majira ya baridi ya 1940 kumbi zilizothubutu kufungua zilianza mapema ili watu wawahi nyumbani. Mchana ukawa na uhai mpya. Kuanzia Oktoba 1939 mpiga piano Myra Hess aliendesha matamasha ya saa saba mchana katika jumba la sanaa la taifa, kwa kiingilio cha shilingi moja. Picha zenyewe zilikuwa zimeshahamishwa kwenda kufichwa. Donald Wolfit akaigiza Shakespeare wakati wa chakula cha mchana. Makarani walikula mkate wao huku wakitazama.

Saa zenyewe pia zilichezewa. Kuanzia 1941 Uingereza ilisogeza saa zake mbele kwa saa mbili wakati wa kiangazi, hivyo katikati ya Juni jua lilizama baada ya saa nne usiku. Sababu yake haikuwa burudani, lakini wenye kumbi walishukuru: mtu aliweza kutazama onyesho la jioni na kurudi nyumbani akiona njia.

9. Kumbi zilipigwa kweli, au watu walikuwa na bahati?

Zilipigwa. Queen's Theatre ya Shaftesbury Avenue ilipigwa Septemba 1940. Theatre Royal ya Drury Lane ilipigwa mwezi uliofuata. Shaftesbury Theatre iliharibiwa kabisa Aprili 1941. Holborn Empire, nyumbani kwa mchekeshaji Max Miller na moja ya kumbi zilizopendwa sana na watu wa kawaida, iliharibiwa katika shambulio kubwa la mwisho, Mei 1941, na haikufunguliwa tena.

Lililowaumiza watu wa fani zaidi ni Café de Paris. Haukuwa ukumbi wa maonyesho kama huo wa swali la 1. Ulikuwa ukumbi wa chakula na dansi ulio chini ya ardhi, chini ya sinema, na ulijitangaza kuwa mahali salama. Usiku wa 8 Machi 1941 bendi ya Ken Johnson ilikuwa jukwaani. Mabomu yalipenya jengo la juu hadi chini na kulipuka karibu na jukwaa. Waliuawa watu wasiopungua 34. Ken Johnson, kijana wa miaka 26 kutoka Guyana ya leo, alikufa hapo hapo.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama chini ya ardhi palikuwa salama, jibu ni kwamba palikuwa salama zaidi ya juu, basi. Wasanii wa Windmill walilala katika vyumba vya chini vya ukumbi wao wakati wa mashambulizi, wakijua vizuri yaliyotokea mitaa miwili mitatu kutoka kwao.

## Jukwaani

10. Wanawake waliosimama uchi: sheria iliruhusu vipi?

Tangu 1737 sheria ilimpa ofisa mmoja wa ikulu, mwenye cheo cha Lord Chamberlain, mamlaka ya kukagua michezo ya jukwaani kabla haijaonyeshwa. Hakuna maneno yaliyosemwa wala mandhari iliyopangwa bila kibali chake. Hali hiyo ilidumu hadi 1968.

Miaka ya 1930 cheo hicho kilikuwa cha Lord Cromer. Windmill ulimpelekea hoja hii: sanamu za uchi zimejaa katika majumba ya sanaa na hakuna anayeziita chafu, basi mwanamke aliye hai akisimama tuli kama sanamu, kuna ubaya gani? Hoja ilikubaliwa kwa sharti moja: asitikisike. Akisogea, ni uchafu, na ukumbi unafungwa. Kwa hiyo wachezaji waliovaa walicheza na kuzunguka huku yeye akiwa amesimama juu ya kijukwaa kama cha sanamu, mwanga hafifu, mkono umeinuliwa, macho mbali. Kwenye ngoma ya mapepeo mchezaji mwenyewe aliruhusiwa kusogea, mradi mapepeo makubwa ya manyoya yamfunike kila anapotembea. Mapepeo yakifunguka mwishoni, anaganda.

Sasa weka vita ndani ya picha hiyo. Bomu limeanguka mtaa wa pili. Sakafu inatetemeka, vumbi la chokaa linadondoka kutoka darini na kutua begani kwake. Kila aliyemo ukumbini anaruhusiwa kushtuka isipokuwa yeye. Aliyewahi kusimama gwarideni juani, inzi ametua puani na mkono hauwezi kuinuka, anajua sehemu ndogo ya kazi ile.

11. Si walikuwa wanadhalilishwa tu?

Swali hili nalichukulia kwa uzito, na sina jibu la kumfurahisha kila mtu. Wanaume walikwenda kutazama uchi, hilo halifichiki. Palikuwa na mchezo maarufu wa viti: mtu wa mstari wa mbele akiondoka, walio nyuma waliruka juu ya migongo ya viti kugombea nafasi yake, kama farasi kwenye mbio za kuruka vizingiti. Askari waliokuwa likizo, wakiwemo Wamarekani kuanzia 1942, walikaa humo mchana kutwa.

Lakini wanaowaita "wale wanawake wa uchi" wanasahau kwamba kusimama uchi kulikuwa kipande kidogo cha siku yao. Walikuwa wacheza dansi na waimbaji. Walijifunza programu mpya wakiwa bado wanaonyesha ya zamani, walionyesha mara kadhaa kwa siku moja, na wakati wa mabomu walifanya hayo yote kisha wakateremka kulala chini ya jukwaa lile lile. Kauli mbiu ya swali la 5 ilimpa sifa mwenye ukumbi na meneja wake. Kama ningepewa kuigawa upya sifa hiyo, ningeanza na hawa.

12. Wachekeshaji walichekesha kuhusu nini?

Kuhusu maisha ya kila mtu ukumbini. Siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya kukaushwa vilianza kugawiwa kwa kitabu cha mgawo Januari 1940, na tangu hapo yai moja lilitosha kujenga kichekesho cha dakika tano. Walichekesha kuhusu giza na mtu aliyembusu asiye mkewe, kuhusu mabwana wa ulinzi wa mtaa wanaopiga filimbi kwa sababu ya ufa mdogo wa pazia, kuhusu wazee wa mgambo na bunduki zisizotosha. Robb Wilton alipata umaarufu kwa kisa cha mume mzito wa mwili na akili ambaye, siku vita vilipoanza, mkewe anamtazama juu hadi chini na kutaka kujua yeye atasaidia nini. Alikisimulia polepole, mkono ukipapasa uso, na kila mume ukumbini alijiona.

Kabla ya vita mkaguzi wa ikulu hakuruhusu kumdhihaki Hitler jukwaani, kwa kuwa alikuwa kiongozi wa nchi yenye uhusiano na Uingereza. Vita vikaondoa kizuizi hicho kwa siku moja.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuchekesha pale Windmill, mbele ya wanaume ambao hawakuja kwa ajili yako na wanasubiri uondoke. Baada ya vita vijana waliotoka jeshini, kama Jimmy Edwards, Harry Secombe, Peter Sellers na Tony Hancock, walipita kwenye jukwaa hilo. Wakaja kuwa majina makubwa ya vichekesho nchini mwao.

13. Mavazi yalitoka wapi wakati nguo ni za mgawo?

Mgawo wa nguo ulianza 1 Juni 1941, mtu mmoja akipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na haukuisha hadi 1949. Washonaji wa kumbi walifumua gauni la zamani na kulishona upya, walipaka rangi mapazia na kuyafanya sketi, walishona soksi zilizochanika tena na tena. Ukitazama picha za maonyesho ya 1943 kwa makini utaona marembo mengi na kitambaa kidogo. Usifikiri ni mtindo tu.

## Wasanii, jeshi na sisi

14. Palikuwa na wasanii Weusi?

Ndiyo, na walikuwa miongoni mwa wanaopendwa zaidi mjini. Ken Johnson (swali la 9) aliongoza bendi ya wanamuziki kutoka visiwa vya Karibiani iliyosikika pia redioni. Adelaide Hall nimemtaja kwenye swali la 6. Mpiga piano Leslie Hutchinson, mzaliwa wa Grenada aliyejulikana kama Hutch, aliimba katika kumbi za matajiri na za wavuja jasho. Kupendwa jukwaani hakukumaanisha kukaribishwa kila mahali nje ya jukwaa: ubaguzi wa hoteli na nyumba za kupanga ulikuwepo, na wakati wa vita uliwafuata wanajeshi Weusi pia.

15. Kuna yeyote wa pwani yetu katika habari hizi?

Yupo mmoja ambaye wengi hawamtarajii. Al Bowlly, sauti nyororo iliyopendwa kuliko zote katika Uingereza ya miaka ya 1930, alizaliwa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, baba Mgiriki na mama Mlebanoni, akakulia Johannesburg. Usiku wa 16 Aprili 1941 alikuwa na onyesho High Wycombe, nje ya London. Angeweza kulala huko. Akachagua kupanda treni na kurudi kitandani kwake. Alfajiri bomu kubwa la mwavuli lilishuka karibu na nyumba yake katikati ya jiji, likamuua.

Upande wa pili wa vita hivyo hivyo, askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma walikuwa na burudani yao. Jeshi lilikuwa na kikosi cha wanamuziki, na mmoja wao alikuwa Fundi Konde, mpiga gitaa kutoka pwani ya Kenya, aliyesafiri nacho hadi Asia. Waliporudi, gitaa na midundo waliyoizoea jeshini viliingia katika dansi ya miji yetu. Anayetafuta asili ya muziki wetu wa dansi asiruke miaka hiyo.

16. ENSA ilikuwa nini?

Ni shirika lililoundwa 1939 na Basil Dean na Leslie Henson kupeleka burudani kwa wanajeshi na wafanyakazi wa viwandani. Makao yake yalikuwa ndani ya Theatre Royal ya Drury Lane, na hata bomu la swali la 9 halikuwahamisha. Lilipeleka wasanii kambini, hospitalini, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi vilivyokuwa mahandaki, na kwenye kantini za viwanda saa ya chakula. Lilituma wasanii hadi nje ya nchi: mwimbaji Vera Lynn alifika Burma mwaka 1944.

Ubora ulipanda na kushuka. Askari waligeuza herufi za jina hilo zimaanishe "Every Night Something Awful", yaani "kila usiku kitu kibovu". Hata hivyo walijaza viti. Wasanii wazuri walikuwa wamepungua kwa sababu wanaume wa miaka 18 hadi 41 waliitwa jeshini, na kuanzia Desemba 1941 wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30 nao waliweza kuitwa kwenye utumishi wa taifa.

## Maswali ya pembeni

17. Miji mingine ilifanyaje?

Berlin iliendelea na kumbi zake kwa muda mrefu, kwa amri na kwa faida ya watawala. Wintergarten, ukumbi wake mashuhuri wa maonyesho mchanganyiko, uliharibiwa na mabomu Juni 1944, na tarehe 1 Septemba mwaka huo Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akafunga kumbi zote za nchi ili watu waende viwandani na vitani.

Leningrad, jiji la Urusi ambalo leo ni Saint Petersburg, ni habari ya aina nyingine. Jiji lilizingirwa tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na majira ya baridi ya kwanza watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Ukumbi wake wa vichekesho vya muziki uliendelea karibu muda wote huo. Watazamaji walikaa na makoti, wasanii walicheza na mavazi mepesi katika baridi ya ndani, na baadhi yao walikufa kwa njaa. Nikilinganisha, London ilikuwa na mgawo mdogo wa chakula. Wale hawakuwa na chakula.

18. Hatari iliisha mashambulizi ya 1941 yalipopungua?

Hapana. Juni 1944 yalianza makombora yasiyo na rubani, V-1. Haya hayakusubiri usiku. Ulisikia mngurumo wake ukija, na ukinyamaza ghafla ulijua linaanguka. Kumbi nyingi zilizokuwa zimejaa zilifunga tena kiangazi hicho. Windmill haukufunga. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mwanamke aliyekuwa amesimama tuli jukwaani, kombora likalipuka karibu, panya au vumbi likadondoka, naye kwa mara moja akavunja sharti la swali la 10: akainua mkono, akaweka kidole gumba puani na kulikejeli kombora. Ukumbi ulimshangilia kwa miguu. Visa vya jukwaani hukua kadiri vinavyosimuliwa, na hiki kimesimuliwa mara nyingi. Mimi nakiamini.

Laura Henderson alifariki Novemba 1944, miezi mitano na ushee kabla ya amani kufika Ulaya.

19. Nani alizima moto paani?

Wafanyakazi wenyewe. Kuanzia 1941 zamu za kulinda moto zilikuwa za lazima kwenye majengo. Mshika taa, mshona nguo, mpiga tarumbeta: usiku wa zamu yako unapanda paani na kofia ya chuma, ndoo za mchanga na pampu ya mkono, ukisubiri mabomu madogo ya moto. Likitua, una dakika chache za kulifunika kabla halijapenya hadi mbao za jukwaa.

20. Nikienda London leo, nitaona nini?

Palladium ungalipo na unafanya kazi, na Drury Lane pia. Holborn Empire haupo. Windmill ulifunga kama ukumbi wa maonyesho 31 Oktoba 1964, lakini jengo bado limesimama pale Great Windmill Street. Ukitoka hapo tembea hadi Piccadilly Circus, dakika mbili tu, usimame chini ya yale mabango makubwa ya taa. Yalizimwa 1939, na hayakuwashwa tena hadi Aprili 1949.